Kwaya yenu imeimba Händel: namba zipi ziandikwe, na ziandikwe wapi

Siku ya nne baada ya kupandisha Haleluya yetu kwenye mtandao wa video, ulikuja ujumbe kwamba rekodi ile ni mali ya watu wengine, kwaya ya ng'ambo ambayo hatujawahi kukutana nayo hata kwenye kongamano. Mwenyekiti alicheka kwanza, kisha akakasirika. Sisi ndio tulioimba, humu humu kanisani kwetu Moshi, usiku, baada ya kusubiri bodaboda zipungue barabarani. Tulipotakiwa kuthibitisha hatukuwa na kitu. Hatukuwa na namba wala tarehe, na faili lenyewe liliitwa "haleluya final final 2". Kilichotuokoa ni mvua. Kwenye dakika ya pili, pale sauti ya nne inapovuta pumzi, masika yanasikika yakigonga bati. Rekodi ya wale wenzetu haina mvua.

Tangu hapo mimi ndiye mtunza namba wa kwaya, kazi ambayo hakuna aliyeigombea. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaeleza walimu wa kwaya wanaonipigia kutoka Machame, Marangu, Tengeru na Arusha mjini, kila mara wanapotaka kurekodi Bach au Mozart na kuziweka sokoni. Kaa na kalamu.

Kabla ya yote: kazi si rekodi

Ukilishika hili, mengine ni kujaza fomu. Kazi ni kile alichotunga mtunzi. Händel alitunga *Messiah*, ambamo imo Haleluya, mwaka 1741, ikaimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Hiyo ni kazi moja. Rekodi ni tukio la watu fulani kuiimba kazi hiyo, mahali fulani, siku fulani, mbele ya maikrofoni. Rekodi za Haleluya hazihesabiki, na yenu ni mojawapo.

Kwenye Bongo Fleva tofauti hii haiumizi sana, kwa sababu wimbo na rekodi yake huzaliwa pamoja na huishi pamoja. Ukisema wimbo, kila mtu anajua ni sauti ya nani. Klasiki haiko hivyo. Mashine inayosikiliza mtandaoni inakutana na noti zile zile, kwa mwendo ule ule, kutoka kwenye kwaya elfu, na isipoelezwa itakisia. Ilikisia kwetu, ikakosea.

Kuna tabaka nne, na kila moja ina namba zake. Kazi ina namba ya katalogi ya mtunzi (HWV, BWV, K. na nyinginezo), na inaweza kuwa na ISWC, ambayo ni namba ya kimataifa ya kazi za muziki. Kitabu cha nota kilichochapishwa kina ISMN. Rekodi ina ISRC. Bidhaa, yaani albamu nzima kama CD au kama toleo la mtandaoni, ina msimbomilia (barcode) na namba ya katalogi ya lebo. Makosa mengi niliyoona yanatokana na kuchukua namba ya tabaka moja na kuibandika kwenye jingine.

Hatua ya 1: Itaje kazi kwa namba yake, si kwa jina la mtaani

Chukua "Ave Maria". Kwenye harusi za Moshi na Arusha huimbwa walau tatu tofauti kwa jina hilo hilo. Ya kwanza ni ya Schubert, ya mwaka 1825, na namba yake ni D. 839. Ya pili ni ya Gounod, ambaye alichukua preludi ya Bach yenye namba BWV 846 akaiwekea melodi juu yake. Ya tatu huitwa "Ave Maria ya Caccini", na hapo ndipo pana mtego. Caccini alikufa mwaka 1618 na hakuwahi kuiandika. Aliyeiandika ni Vladimir Vavilov, Mrusi, aliyefariki mwaka 1973. Katika nchi zinazolinda hakimiliki kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, wimbo huo bado una mwenyewe. Ukijaza kwenye fomu kwamba ni wa Caccini na ni mali ya umma, umetangaza jambo lisilo kweli kwenye maduka ya dunia nzima.

Herufi unazoziona mbele ya namba ni za katalogi za wataalamu waliokaa miaka kupanga kazi za mtunzi mmoja. BWV ni ya Bach, iliyopangwa na Wolfgang Schmieder na kuchapishwa mwaka 1950. K. (Wajerumani huandika KV) ni ya Mozart, kwa heshima ya Ludwig von Köchel aliyeitoa mwaka 1862. D. ni ya Schubert, kutoka kwa Otto Erich Deutsch. Hob. ni ya Haydn, kutoka kwa Anthony van Hoboken, nayo hutumia namba za Kirumi kwa aina ya kazi, kwa hiyo oratorio ya Uumbaji, ambamo kuna ile kwaya ya "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu", ni Hob. XXI:2. RV ni ya Vivaldi, na uangalie hapo: *Gloria* mnayoijua ni RV 589, lakini kuna nyingine, RV 588, pia katika D meja. HWV ni ya Händel. *Messiah* ni HWV 56.

Namba za opus, zile zinazoandikwa op., hutumika pale ambapo mtunzi au mchapishaji wake alizipanga mwenyewe, kama kwa Beethoven na Brahms. Kwa Schubert msizitegemee. Zilifuata mpangilio wa kuchapishwa, si wa kutungwa, na kazi nyingi alizoziacha alipofariki hazikuwa na namba yoyote.

Ikiwa mnachukua kipande tu, taja na kipande. Ule wimbo wa Bach mnaouimba bi harusi anapoingia umetoka kwenye kantata BWV 147, na melodi hiyo inarudi mara mbili humo: sehemu ya 6 na sehemu ya 10, kwa maneno tofauti. Andika sehemu mliyoiimba. Na vijana wanaojifunza kinanda nao wana la kwao. Ile minueti ya G inayofundishwa kila mahali kama ya Bach ni ya Christian Petzold, na ndiyo maana katalogi imeitupa kwenye kiambatisho: BWV Anh. 114.

Hatua ya 2: Nani amegusa nota kabla yenu?

Toa nota mlizotumia kabatini. Angalia ukurasa wa kwanza, chini kabisa na juu kulia. Mnatafuta majina matatu: mtunzi, mpangaji, mfasiri wa maneno.

Mpangaji si mtu mdogo. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya *Messiah* kwa ajili ya okestra ya Vienna, akaongeza vyombo, ikaimbwa kwa Kijerumani. Toleo hilo lina namba yake kwenye katalogi ya Mozart, K. 572. Kwa hiyo kwaya inayoimba toleo lile inaimba Händel kupitia mkono wa Mozart, na fomu iseme hivyo. Kwa upande wenu, kama nota zimetoka kwa mpangaji aliye hai wa Uingereza au Marekani, Händel ni mali ya umma lakini mpangilio si wa umma. Mwandikieni mchapishaji kabla ya kurekodi.

Nota zilizochapishwa kihalali mara nyingi zina ISMN nyuma, namba ya tarakimu 13 inayoanza na 979-0. Zilizochapishwa kabla ya 2008 huwa na muundo wa zamani unaoanza na herufi M. Nakili namba hiyo kwenye daftari, maana inaonyesha mlisoma toleo lipi. Najua wengi wetu tunaimba kwa sol-fa iliyonakiliwa kwa mkono na kutolewa fotokopi hadi mistari inafifia. Basi andikeni hivyo hivyo: "sol-fa, imenakiliwa na fulani, kutoka toleo fulani". Kukiri ni bora kuliko kubuni.

Tafsiri ya Kiswahili ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Aliyekaa usiku akihangaika ili silabi za Kiswahili zikae kwenye noti za Händel ni mwandishi, na maneno yake yana hakimiliki hata kama muziki hauna. Kama ni mwalimu wenu, au marehemu katekista wa zamani, jina lake liwekwe kwenye sehemu ya mfasiri. Ikiwa tafsiri ni mpya, isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kazi iliyotafsiriwa au kupangwa upya inaweza kupata ISWC yake yenyewe, tofauti na ya kazi ya asili. ISWC huanza na herufi T, kisha tarakimu tisa, kisha tarakimu moja ya kuhakiki, na hutolewa kupitia mtandao wa vyama vya hakimiliki chini ya CISAC. Hamjitungii wenyewe.

Hatua ya 3: Daftari la usiku wa kurekodi

Hii haina teknolojia yoyote. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Katibu aandike tarehe, jengo, saa mlizoanza na kumaliza, mwongozaji, mpiga kinanda, waimbaji pekee, idadi ya kila sauti, jina la fundi mitambo, na kila mara mliyoimba: mara ya 1 imeharibika, mara ya 2 nzuri hadi mwisho, mara ya 3 tumerudia ukurasa wa mwisho tu.

Andikeni pia makelele. Mvua, mbwa, jogoo wa jirani, jenereta. Msidhani natania, niliwaambia kilichotuokoa.

Usiku huo huo, kabla watu hawajaanza kusinzia, mwandike karatasi moja na studio: nani amelipia, na nani mwenye rekodi kamili. Msaini pande zote mbili. Anayepaswa kuipa rekodi ISRC ni mwenye haki za rekodi, na nimeona studio ikidai ni yake kwa sababu tu faili lilikaa kwenye kompyuta yake.

Hatua ya 4: Kupata kiambishi cha ISRC

ISRC ina herufi na tarakimu 12 jumla. Tano za kwanza ni kiambishi, herufi mbili kisha alama tatu, na hicho hupewa mwombaji. Mbili zinazofuata ni mwaka. Tano za mwisho mnapanga wenyewe, kuanzia 00001 na kuendelea. Vistari mnavyoviona katikati ni vya kusaidia macho tu. Kwenye fomu na kwenye faili andikeni herufi zote kwa mfululizo bila nafasi.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuomba kiambishi chenu. Ofisi ya kimataifa ya ISRC inaendeshwa na IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, huko London. Ingieni tovuti yake mtazame wakala anayehudumia nchi yenu, na kwa mahali pasipo na wakala maombi huenda moja kwa moja kwao. Njia ya pili ni kumwachia msambazaji wa mtandaoni, yule anayepeleka albamu kwenye maduka ya mtandao, awape namba anapopokea albamu.

Kwaya inayotoa albamu moja kila miaka mitano, mimi nasema itumie njia ya pili na ilale usingizi. Lakini ikiwa mnarekodi kila mwaka, au kama ni chuo chenye wanafunzi wa muziki kama kile cha Makumira pale Usa River, ombeni kiambishi. Sababu ni moja tu: mtabadilisha msambazaji siku moja, na aliye na daftari lake mwenyewe hahangaiki siku hiyo.

Watu hushtuka wanapoona namba waliyopewa na msambazaji inaanza na QZ. "Kwa hiyo sasa sisi ni Wamarekani?" aliniuliza mama mmoja wa sauti ya kwanza. Hapana, mama. Herufi hizo zinaonyesha tu kiambishi kilitolewa kupitia wapi. Hazisemi mwimbaji ni wa wapi wala mwenye rekodi ni nani.

Hatua ya 5: Kugawa namba, moja kwa kila rekodi

Fungueni jedwali kwenye Excel, au chora mistari kwenye daftari kubwa. Safu ninazotumia ni: ISRC, mtunzi, kazi na namba ya katalogi, sehemu, mpangaji, mfasiri, lugha, waimbaji, mwongozaji, tarehe na mahali pa kurekodi, muda kwa dakika na sekunde, jina la faili, maelezo.

Kanuni ya klasiki ni kwamba kila sehemu inayosimama kama wimbo kwenye albamu ina ISRC yake. *Gloria* ya Vivaldi ina sehemu 12. Mkiziweka kama nyimbo 12 ni ISRC 12. *Ave verum corpus* ya Mozart, K. 618, ina mizani 46 tu, nayo ni ISRC moja.

Tuseme kiambishi chenu ni TZXXX (nimekibuni) na mnatoa namba mwaka 2025. Wimbo wa kwanza unakuwa TZXXX2500001, wa pili TZXXX2500002. Hiyo 25 ni mwaka wa kutoa namba, si wa kurekodi. Mkipata kanda ya kwaya ya mwaka 1987 na kuipa ISRC leo, namba itabeba mwaka wa leo, na mwaka wa kurekodi utakaa kwenye safu yake. Hapo walimu wazee hubisha sana. Wanaona kama kudanganya umri.

Sasa swali ambalo hunichosha simu: lini inatakiwa namba mpya?

Mkiimba tena kazi ile ile, hata kanisa ni lile lile na mwongozaji ni yule yule, ni rekodi mpya, namba mpya. Mkitoa toleo la kinanda bila waimbaji, namba mpya. Mkikata wimbo uwe mfupi kwa ajili ya redio, namba mpya. Mkichanganya upya (remix) sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake, namba mpya. Video ina namba yake, si ile ya sauti. Kanda chakavu iliyosafishwa kwa kazi kubwa ya urejeshaji inapewa namba mpya pia.

Lakini kubadilisha WAV kuwa MP3 hakuzai namba. Kupandisha sauti kidogo ili CD ilingane kwa ukubwa hakuzai namba. Kuchukua wimbo ule ule usiobadilika na kuuweka kwenye albamu ya mkusanyiko wa jubilei, namba inabaki. Rekodi ikiuzwa kwa mtu mwingine, namba inabaki ile ile. Na namba mliyoitoa kwa rekodi ambayo baadaye mliitupa, izikwe nayo. Msiipe rekodi nyingine.

Kosa letu la baadaye lilikuwa hilo la mkusanyiko. Haleluya moja ilikuwa na ISRC tatu, kila msambazaji aliyekuja akiipa yake, na wasikilizaji wakagawanyika mafungu matatu. Kuziunganisha kulichukua barua nyingi kuliko mazoezi ya Pasaka.

Hatua ya 6: Namba iingie kwenye faili

Kwa MP3, sehemu ya ISRC ndani ya faili inaitwa TSRC. Kwa FLAC inaitwa ISRC tu. Programu kama Mp3tag au Kid3 zinakuruhusu kuijaza, na zote hupatikana bila kulipia kwa kompyuta ya Windows. Kwa CD, namba huwekwa na anayetengeneza nakala mama, kwenye njia ndogo ya data ya diski inayoitwa Q. Mwambieni fundi mapema. Fundi anayechoma diski moja moja kwa kompyuta ya kawaida mara nyingi huiruka.

Msidhani imetosha. Wasambazaji hutegemea fomu zaidi kuliko kilichoandikwa ndani ya faili. Kwa hiyo jazeni kote kuwili, na faili liitwe kwa namba: TZXXX2500001_Haendel_HWV56_Haleluya. Hamtaandika tena "final final".

Hatua ya 7: Albamu

Msimbomilia ni ile mistari myeusi inayopigwa mwanga kaunta ya supamaketi. Tarakimu zake 13 (12 kwa mtindo wa Kimarekani) hutambulisha bidhaa, si wimbo. Kwa toleo la mtandaoni msambazaji huwapa. Kwa CD mnazotaka ziuzwe madukani, GS1 Tanzania hutoa namba, nazo huanza na 620. CD na toleo la mtandaoni la albamu hiyo hiyo ni bidhaa mbili. ISRC za ndani zibaki zile zile.

Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, na ni vizuri kuijua maana wachapaji hukosea. Chukua 620123456789 kama mfano. Jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6+0+2+4+6+8 ni 26. Jumlisha zilizobaki, 2+1+3+5+7+9 ni 27, zidisha kwa 3 upate 81. Jumla 107. Kinachohitajika kufika 110 ni 3, basi tarakimu ya mwisho ni 3.

Namba ya katalogi ya lebo mnajitungia. Kifupi cha kwaya na namba, kwa mfano KWY 003, inatosha, mradi isirudiwe. Kwenye jalada wekeni mistari miwili: Ⓟ na mwaka rekodi ilipotolewa mara ya kwanza na jina la mwenye rekodi, kisha © na mwaka na mwenye jalada na maandishi. Kwaya nyingi huandika © peke yake, na hiyo inalinda picha ya mlima iliyo kwenye jalada, haisemi lolote kuhusu sauti.

Hatua ya 8: Kujaza fomu bila kujichanganya

Fomu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Bongo Fleva na jamii yake, kwa hiyo zinauliza "msanii" na "jina la wimbo". Jina la wimbo liwe na mtunzi, kazi, katalogi, na sehemu: *Händel: Messiah, HWV 56, Sehemu ya II: Haleluya*. Pale kwenye msanii iwe kwaya, kisha mwongozaji kwenye nafasi yake. Mtunzi awe Händel peke yake. Nimekuta albamu ambapo mwalimu wa kwaya ameandikwa mtunzi wa Bach, si kwa majivuno, ni kwa sababu fomu iliuliza "nani ameandaa".

Kama msambazaji ana kisanduku cha aina ya muziki, chagueni klasiki, si injili, hata kama moyo unasita. Injili hupelekwa kwenye rafu nyingine, na huko fomu mara nyingi haina mahali pa kujaza katalogi wala mwongozaji. Pia jibuni kweli pale panapoulizwa kama rekodi ni yenu peke yenu na kama kazi ni mali ya umma. Na kama mtandao wa video unataka kuitambua sauti yenu moja kwa moja, fikirini mara mbili: mkiikubali kwa rekodi ya klasiki, mashine itaanza kuwadai wengine kama ilivyotudai sisi.

Kusoma namba za wengine

Nusu ya mafunzo yangu niliyapata kwenye sanduku la santuri na CD zilizobaki kwenye stoo ya usharika. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo si ajabu nyimbo za Kijerumani zimekaa huku muda mrefu kuliko barabara ya lami. Ukikuta CD ya zamani, ipindue hivi.

Herufi tatu kama AAD, ADD au DDD ni msimbo wa SPARS. Ya kwanza inaonyesha jinsi ilivyorekodiwa, ya pili jinsi ilivyochanganywa na kuhaririwa, ya tatu jinsi nakala mama ilivyotengenezwa; A ni analogi, D ni dijitali. Ya mwisho kwenye CD ni D daima. ADD inakwambia sauti ilinaswa kwenye utepe wa sumaku.

Angalia namba ya katalogi. Lebo za kundi la PolyGram zilitumia mkia: -1 kwa santuri, -2 kwa CD, -4 kwa kaseti. Simfoni ya Tano na ya Saba za Beethoven chini ya Carlos Kleiber, kwenye CD ya Deutsche Grammophon, ni 447 400-2. Sasa soma msimbomilia wake: 028944740028. Ukitoa 0289 mwanzoni na 8 ya kuhakiki mwishoni, inabaki 4474002. Namba ya katalogi ilikuwa imejificha ndani muda wote. Nilipogundua hilo nilikesha nikipindua CD zote sandukuni.

Kisha igeuze diski upande unaong'aa na uitazame karibu na tundu. Maneno IFPI yakifuatiwa na alama chache ni msimbo wa kiwanda, ulioanza kutumika mwaka 1994. Usipokuwepo, huenda diski ni ya zamani zaidi ya hapo. Kwenye santuri, namba za kiwanda zimechorwa kwenye ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo ya karatasi. Tumia tochi ya simu, imulike kwa ubavu.

Baada ya kutoa

Wiki mbili baada ya albamu kuingia sokoni, ingieni kwenye ukurasa wa kutafuta ISRC wa IFPI mweke namba zenu moja moja. Zikionekana na majina sahihi, vizuri. Ikionekana nyingine kabisa, mwandikieni msambazaji siku hiyo hiyo, na mwambatishe ukurasa wa daftari la kikao. Kisha wekeni albamu kwenye MusicBrainz, hifadhi ya wazi ambayo hutenganisha kazi na rekodi kama nilivyowaeleza mwanzoni; ni kazi ya jioni mbili na chai.

Daftari lenyewe lichapwe nakala tatu. Moja ikae kabatini kwa kwaya, moja kwa mhasibu wa usharika, moja kwa mtu ambaye haimbi. Kwetu nakala ilikuwa kwenye simu ya katibu, na simu ilianguka kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo siku ya sikukuu ya mavuno.